Gari la Mazishi Lililogeuka

Machakos, 12 Agosti 2024

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Hujambo? Mguu wako unaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili tu. Nakuandikia kwenye simu kwa sababu nikikupigia nitalia, na hapa hospitalini watu wananitazama.

Hatutafika kwako. Tulipopita Machakos gari lilitoa moshi likazimika. Tukiwa hapo Peris akaanza kutokwa na damu, na miezi ya mtoto haijatimia. Nilikata matawi nikayatandaza barabarani ili watu wajue tumekwama. Mama, hakuna aliyesimama! Walidhani matawi ni mtego wa majambazi. Kila gari lilipotuona liliongeza mwendo. Nilipiga magoti kwenye lami.

Aliyesimama mwishowe alikuwa na maiti. Anaitwa Onesmus, alikuwa akimpeleka mama yake kuzikwa Muthetheni. Alimwona Peris akasema, "Muingizeni hapa, tunarudi Machakos." Shangazi yake akapiga kelele, "Maiti hairudishwi nyuma! Unataka kutuletea nini?" Akajibu, "Mama hana haraka tena. Huyu ako nayo."

Peris alilala kando ya jeneza, kichwa mapajani mwa dada yake Onesmus. Amefanyiwa upasuaji. Mtoto ni msichana, anapumua kwa mashine. Peris hajaamka. Niombee Mama, naogopa sana.

Mwanao, Mwendwa

Mwala, 13 Agosti

Mwendwa mwanangu,

Salamu zako nimezipata. Mguu unauma, mbuzi wameingia kwa mahindi, na yote hayo si kitu.

Nani alikuambia umlaze mke wako kando ya jeneza? Maiti ikirudishwa huondoka na mwenzake, hata wewe ulilelewa ukilijua hilo. Halafu nakumbuka ni mimi niliyeng'ang'ania Peris ajifungulie karibu nami.

Sikia. Mpe mtoto jina langu leo, usingoje siku ya kupewa jina. Msichana wa kwanza ni wangu, na mtoto asiye na jina hupotea upesi. Muite Kavutha, nipate pa kumshikia.

Mama yako

Machakos, 15 Agosti

Mama,

Natumai umeamka salama. Peris amefungua macho! Hana nguvu hata ya kushika kikombe, lakini ananijua. Mtoto bado. Jana aliacha kupumua, wakamrudisha.

Kuna jambo naogopa kulisema. Peris anasema njia nzima yule dada alikuwa akigonga jeneza na kumwambia marehemu, "Mama, huyu si wa kwenda na wewe. Mwachilie." Sasa Peris anataka mtoto aitwe Mutheu, jina la yule mama. Nimemwambia hilo si letu kutoa. Jina ni lako. Ukikataa, tutanyamaza.

Mwanao

Machakos, 18 Agosti

Mama, hujambo lakini? Mbona kimya? Simu yako imezimwa. Muuguzi ananiuliza jina la mtoto, nami namwambia tunakungoja wewe. Hali ya mtoto imekuwa mbaya zaidi. Nitukane ukitaka, lakini nijibu.

Mwendwa

Muthetheni, 19 Agosti

Mwanangu,

Wewe na Peris hamjambo? Simu iliisha chaji, nimeichaji hapa kwa Onesmus. Ndiyo, nilipanda bodaboda na mguu wangu huu, nimempakata mbuzi wa rambirambi kama mtoto.

Sikudanganyi, nilikuja na hasira. Nilitaka kuwaona hao watu wanaogeuza maiti. Nimeambiwa siku ile walizika jua likizama, na wazee wengine walikuwa wameshaondoka, hawakutupa hata udongo kaburini. Yule shangazi hasemi nao mpaka leo. Na jambo la kwanza Onesmus aliloniuliza ni, "Mtoto anapumua?" Nililia, Mwendwa, mbele ya watu nisiowajua.

Nimemwomba jina la mama yake, kwa sababu jina la watu halichukuliwi hivi hivi. Amenipa. Langu litangoja mwingine; mimi niko hai, sina haraka.

Ingia kwa mtoto sasa. Mwambie sikioni kwamba anaitwa Mutheu. Mwambie mwenye jina hilo alikuwa akielekea nyumbani, akageuka njiani kwa ajili yake. Naye ageuke, arudi.

Mimi mama yako, nyanya wa Mutheu