Kaburi Nililolifyeka Kando ya Mto Grand

Jumapili, 30 Oktoba 2011
Malvern, Toronto

Leo baridi ilikuwa ya kung'ata masikio, lakini jua lilitoka, kwa hiyo sikuwa na kisingizio cha kulala. Nikakiwasha kigari changu, nikatoka mjini kuelekea Mto Grand. Wenzangu Jumapili, misa ikiisha, wanakwenda kwa wachumba. Mimi nakwenda kwenye vibao vya historia.

Kazini, kwenye nyumba ya wazee, wananicheka. Siku zangu za mapumziko nazimalizia vijijini nikisoma nani alijenga kinu hiki, nani alikuwa wa kwanza kulima bonde lile. Nimeshaona daraja la mbao lililoezekwa paa utadhani banda la kuku. Napenda mashamba ya kando ya ule mto, maji yake ya rangi ya chai, ng'ombe ukingoni, mtu hamna. Ruvuma ya kwetu ni pana zaidi na ina viboko, lakini nikifumba macho nasikia kitu kilekile.

Nilianzia kwenye makumbusho ya kijiji kimoja, chumba kidogo chenye majembe ya kale na picha za watu wasiocheka. Bibi mmoja wa Kizungu anayejitolea pale alinieleza kwamba kati ya waliofyeka msitu huu wa zamani walikuwemo watu weusi waliotoroka utumwa Marekani. Makaburi ya baadhi yao yako kilimani, juu ya mto. Akanionyesha njia, nikaenda peke yangu.

Jumatano ni Siku ya Marehemu Wote. Kwetu, huko vijijini Songea, wiki hii watu wako makaburini na majembe na mafagio. Kaburi safi kwetu ni udongo mtupu uliofagiliwa, halina hata jani. Likiota majani ni aibu, maana yake marehemu hana watu.

Mama yangu alifariki mwezi wa saba.

Sikwenda kumzika. Kesi yangu ya makaratasi haijaamuliwa, nikitoka nchi hii sirudi. Jana mdogo wangu Joseph alinipigia simu. "Dada, keshokutwa tunafyeka kwa mama, wewe usiwe na wasiwasi." Alinena kwa wema kabisa, na maneno yale yakanichoma kuliko hata ile simu ya msiba. Mimi ndiye mkubwa. Jembe la kwanza lilikuwa langu.

Basi kule kilimani nikakuta kaburi ambalo jiwe lake limeinama, jina limefutika, na juu limefunikwa kabisa na majani ya kutambaa. Nikasema, huyu maskini hana watu. Nikachukua sepetu ndogo ninayobeba garini kwa ajili ya theluji, nikapiga magoti, nikang'oa. Ndani ya udongo nikakuta vitunguu vidogo vidogo, nikadhani vimefichwa na wanyama, nikavitupa pembeni. Nikavunja tawi, nikafagia. Nililia huku nafanya kazi, na kazi nikaifanya vizuri. Likawa kaburi safi kuliko yote pale. Nikasema kwa sauti, haya mama, nimekufyekea.

"Unafanya nini?"

Alikuwa yule bibi wa makumbusho, amekuja na kopo la maji. Akautazama ule udongo mtupu. Kisha akaniambia taratibu kwamba yale majani waliyapanda yeye na wenzake, kwa sababu hubaki kijani hata chini ya theluji. Na vile vitunguu ni maua. Walivifukia wiki iliyopita ili vichipue baridi ikiisha.

Nilitamani ardhi inimeze, na mahali penyewe palifaa.

Nikajaribu kueleza. Kiingereza changu ni cha kazini, cha dawa na uji na kumgeuza mtu ubavu, jambo hili hakiliwezi. Nikasema tu kwamba kwetu ukimpenda marehemu ndivyo unavyomfanyia. Akanitazama usoni, akaona machozi na udongo.

"Umefiwa na nani?"

"Mama."

Katika nchi hii nzima, ilikuwa mara ya kwanza kulitamka jambo hilo.

Aliweka kopo chini, akaanza kuokota vitunguu, nami nikaokota. Tukavifukia tena, tukarudishia majani yaliyobaki na mizizi. Tulipofika upande wa miguuni akanishika mkono. "Hapa tupaache ulivyopafagia wewe."

Njiani nilijiuliza kwa nini Mzungu nisiyemjua jina ndiye aliyekuwa wa kwanza kuambiwa. Jibu ninalo. Hapa tuna akina mama wa kanisani, Watanzania na Wakenya, na kiongozi wao ni Mama Neema. Wangesikia tu, jioni ileile wangejaa hapa na masufuria, wangekaa nami, wangechanga rambirambi ya nauli. Halafu mmoja angeuliza, unaondoka lini? Wote wanaamini nina makaratasi. Sikuwahi kusema ninayo, lakini sikuwahi kukanusha. Basi siku ya msiba wangu niliingia kazini, nikawaogesha mama za watu wengine.

Nimechoka kufiwa kwa siri.

Nilipofika nyumbani sikuvua hata koti, nikampigia simu Mama Neema. Nikamwambia nina msiba, mama amefariki.

"Jamani, pole mwanangu. Lini?"

"Mwezi wa saba."

Nikamsikia akivuta kiti, akakaa.

"Mwezi wa saba, na kila Jumapili tunasalimiana pale mlangoni pa kanisa," akasema. "Haya. Usipike kitu. Niandikie namba ya kengele yako ya mlango wa chini, tunakuja sasa hivi."

Wakiniuliza naondoka lini, nitawaambia ukweli, na atakayenicheka anicheke. Nimesukuma meza ukutani, nimetandika mablanketi sakafuni, maana mkeka sina. Nikatafuta pa kumkalisha Mama Neema, ambaye magoti yanamsumbua, ndipo nikaona kwamba miaka yote hii nimeishi humu na kiti kimoja.