Kikuba Kisichonukia

Mjukuu wangu Nasra,

Sijamwambia mtu mwingine: naandika mashairi. Cheka tu, kama unavyocheka kuwa na bibi aliyemaliza shule juzi, kwa sababu dada yangu mkubwa ndiye aliyemzaa mama yako.

Salamu kwa wote hapo Tanga. Huku Small Heath, Uingereza, hatujambo. Mama bado yumo edani, na nyumba ni kimya tangu baba atutoke.

Umeuliza kama maua ya huku yananukia. Baridi ilipopungua, mcheri ulio mbele ya nyumba yetu ulichanua, mweupe mtupu, hata jani halijatoka. Baba aliupenda sana. Nikachuma maua, nikafunga kikuba, kishada kama kile cha kunukia anachovaa mama siku za harusi. Nilipomkabidhi ndipo nikakumbuka kwamba mwenye eda hajipambi wala hajitii manukato. Niliona haya, nikataka kuyatupa.

Mama akayanusa. "Mbona hayanukii, mwanangu? Baba yako angesema Waingereza wameshindwa hata na maua!"

Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba, kisha akalia. Akakiweka kile kikuba dirishani, na kufikia kesho yake kilikuwa kimenyauka.

Shairi langu limetoka hapo. Eda ikiisha nataka nimsomee, ila sijui kama litamfariji au litamtonesha. Bibi yako humpigia mama simu kila siku, na hajui kuficha neno. Tafadhali, usimwambie.

Bibi yako mdogo,
Rukia