Dume Kutoka Linz

Litovel, 2 Machi 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko Linz? Kifua kimetulia? Mimi na Bibi tu wazima.

Nyoka wetu Malina nimemtoa kwenye baridi ya chumba cha viazi, alikolala bila kula majira yote ya baridi, nikampasha joto polepole kama ulivyonifundisha. Nimtazame nini nijue kama anafaa kupandishwa na dume wako? Bibi anasema, "Mwambie alete na miguu yake, asitume dume peke yake."

Binti yako,
Zdenka

Linz, 9 Machi

Mwanangu Zdenka,

Marahaba. Kifua ni kilekile, vumbi la saruji haliniachi.

Mwili wake uwe wa mviringo, mgongo usichomoze kama ukingo wa paa. Akuzonge mkono kwa nguvu. Ale, na chakula kikae tumboni. Jike dhaifu akitunga mayai, mayai humla yeye. Akiwa sawa, nakuja na dume Ijumaa Kuu. Asipokuwa sawa nitabaki, msimamizi anatafuta watu wa kazi ya sikukuu. Niandikie ukweli.

Baba yako

Litovel, 19 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Huku hatuko vizuri.

Kila panya ninayempa Malina anamtapika. Nilipomuuliza Bibi, alijifuta macho kwa aproni. "Mkesha wa Krismasi hata ng'ombe huonjeshwa chakula cha sikukuu, wasiugue mwaka mzima. Yeye alale njaa ana kosa gani?" Alimpelekea panya kulekule kwenye baridi, tumbo lisikoweza kusaga kitu. Baadaye akakuta Malina kamtapika yule panya, ameoza. Akafagia bila kuniambia.

Mgongo umechomoza. Mkononi analegea kama kamba ya kiatu. Nimekaa na kalamu muda mrefu, maana neno moja tu lingekuleta nyumbani. Hafai, Baba. Akipandishwa atakufa.

Lakini Pasaka ipo hata bila dume. Njoo tu. Bibi anasema umgombeze, ila umgombeze uso kwa uso.

Binti yako,
Zdenka

Linz, 26 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Umepima vizuri kuliko mimi. Bibi asilie. Nimeshakubali kazi ya sikukuu. Mwakani Malina akinenepa, nitakuja.

Baba yako

Litovel, 12 Machi 1995

Baba mpendwa,

Shikamoo. U hali gani? Barua zangu za kiangazi na ya Krismasi hukuzijibu. Bibi anasema posta ya Austria ni mbovu, halafu anageuka kutazama dirishani.

Malina amepona. Anakula, hatapiki, na akinizonga mkono vidole vinakufa ganzi. Mwili wake ni wa mviringo kabisa.

Jana jirani yetu Hynek alikuja na dume wake kwenye mfuko wa kitambaa. Alimshika Malina, akamgeuza, akapiga mluzi. "We binti, huyu kaiva! Unamngoja nani?"

Nikamwambia bado ni mgonjwa. Alinicheka, akaondoka na dume wake.

Yuko tayari, Baba. Nimekwambia wewe tu.

Binti yako,
Zdenka