Vichwa Mia vya Mzee Kurahashi

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Shifti mbili. Miguu imevimba. Mchana nilikuwa namtunza Mzee Kurahashi nyumbani kwake, hapa Edmonton, London. Si mzee sana — sitini na mmoja. Alikuwa straika. Alitoka Japani akiwa na miaka ishirini na sita, akachezea klabu moja ya London misimu minane. Mabao sabini na mawili, mengi ya kichwa, na mwenyewe ni mfupi. Sasa anasahau. Leo ameniuliza mara tatu kama mechi imeahirishwa. Nikamwambia ndiyo, mvua.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimekuta mlango wazi, nyumba tupu. Nikamtafuta saa nzima. Alikuwa kituo cha basi, na ndala, baridi yote hii. Ati anaenda mazoezini. Tukirudi, akili ikamrudia. Akanishika mkono: Peris, usimwambie Emi. Emi ni binti yake, anakaa Harrow.
Sikuandika kwenye ripoti. Miaka tisa ya kazi hii, ni mara ya kwanza.

Jumanne, 11 Novemba
Leo alikuwa yeye kabisa. Ati wachezaji wenzake walimcheka ufupi, kwa hivyo kila siku baada ya mazoezi alibaki peke yake kupiga vichwa mia. Goti ndilo lilimstaafisha. Halafu akapakia mizigo kwenye ghala huku Edmonton miaka ishirini, na hakuna aliyemtambua. Daktari anasema huenda ni ile mipira ya kichwa ndiyo imemharibu ubongo. Nikamuuliza, ungejua ungeacha? Akasugua paji la uso.
"Ningepiga hamsini."

Ijumaa, 14 Novemba
Naandikia jikoni kwake. Sebuleni wako Emi na Priscilla, mama wa ustawi wa jamii. Emi analia. Anataka baba yake apelekwe makao ya wazee, na simlaumu — ana kazi, ana watoto wawili. Mzee amevaa tai. Amejibu vizuri: tarehe, mtaa, hata waziri mkuu. Priscilla karibu akubali abaki nyumbani. Kisha akanigeukia. Dada, wewe ndiye uko naye kila siku. Amewahi kupotea?
Mzee alinitazama tu, kama mtu anayengoja krosi.
Nikasema nilete chai kwanza.
Chai iko tayari kitambo. Imeanza kupoa. Emi ananiita mara ya pili, na huyo Mzee namsikia anamuuliza Priscilla — kwa adabu kabisa — mechi inaanza saa ngapi.