Kwa Dezire, Aliyebaki na Pikipiki Ng'ambo ya Rusizi

Mwanangu Dezire,

Sijui barua hii itapita mikononi mwa nani kabla ya kukufikia. Anayeisoma na si Dezire, tafadhali asiitupe, ampe mwingine anayevuka daraja kwenda Kongo. Ni maneno ya mama tu, hakuna siasa ndani.

Papa, ndivyo nilivyokuita tangu mtoto, unakumbuka Jumapili zetu? Misa ikiisha tu, Kamembe yetu nzima inanguruma. Pikipiki zenu zile za zamani, nyingine mlinunua kwa mapadri, nyingine tulirudi nazo kutoka Kongo juu ya lori pamoja na magodoro. Watu walisema vijana hawa wana kichaa, wanatembeza vyuma chakavu. Mnashuka Mururu, mnapanda Giheke, mnarudi na vumbi mpaka kwenye meno. Mimi nawawekea sambaza, vile visamaki vya ziwa, na ugali wetu wa bugari, Maman Shabani analeta chai ya tangawizi. Ulimtania Shabani wake: "Weye fundi, pikipiki yako inakohoa kama mzee wa tumbako!" Naye: "Yako haikohoi sababu ilishakufa, ni miye naifufua kila juma!"

Na ile sheria ya klabu yenu. Hakuna anayebeba kipuri chake, kila mmoja anabeba cha mwenzake. Wewe ulibeba mnyororo wa Shabani, yeye alibeba manyeto yako, kile kidude kinachowasha moto wa injini. Nikauliza ni akili gani hiyo. Ukacheka: "Maman, ni ili muntu asikimbie na kuacha mwenziwe." Na anayeharibikiwa habanduki kwenye pikipiki yake mpaka mwenye kipuri chake afike. Niliipenda sana sheria hiyo. Niliona mnalindana kuliko ndugu.

Sasa inanitisha.

Asubuhi ile wenzenu wa Bukavu walipowaalika, Shabani alikuwa kitandani na malaria. Nilikushika mkono wa koti, nikasema bila Shabani usiende. Ukanijibu, "Ni hapa tu ng'ambo, Maman. Hata harufu ya sambaza zako inafika." Ukaenda. Jioni wenzako walizima injini kule juu ya kilima, wakasukuma pikipiki kwa mikono mpaka mlangoni kwangu. Vijana wanaopenda kelele namna ile! Nilijua kabla hawajafungua kinywa. Walisema manyeto ilikufa karibu na Kavumu, ukawaambia, "Mwende, kesho Shabani atanikuta hapa." Kesho hiyo bunduki zikalia, daraja likafungwa.

Tangu hapo siwezi kuangalia upande ule nikatulia. Moshi unapanda mchana juu ya vilima, na si moshi wa mashamba. Mbwa wanaovuka kuja huku wamenona, na hakuna anayejua nani anawalisha. Siku walipofungua daraja kidogo, mama mmoja muuza unga aliniambia alimwona kijana ameketi kando ya pikipiki ya zamani, chini ya mikaratusi. Watu wanakimbia na vitanda vichwani, wanamwambia kimbia, yeye anajibu anamngoja muntu. Hakumwuliza jina. Waliovuka baada yake nawauliza wote. Wananiangalia, halafu wanaangalia chini.

Jana Shabani alikuja, bado mwembamba kwa ugonjwa. Akaweka manyeto juu ya meza.

"Maman, kesho miye navuka. Ananingojea."

Dezire, sikufichi, nilifurahi. Nilitaka kumpigia magoti. Halafu nikamwona mama yake amesimama nje ya ua, kitenge amekivuta mpaka kinywani. Hakuingia, hakunisalimu. Aliniangalia tu. Naye ana mtoto mmoja tu, kama mimi.

"Sema ndiyo, Maman," Shabani akasema. "Ukisema weye, mama ataniachia."

Nikasema hapana.

"Lakini hiyo njo sheria yetu!"

"Sheria yenu ni ya Jumapili, haijui vita. Rudi kwenu, mwanangu."

Alilia palepale, mwanaume mzima. Mama yake akamshika mkono wakaenda. Hata wakati huo hakunisalimu.

Basi Shabani haji, Papa. Usimlaumu yeye, mimi ndiye niliyemzuia. Kama bado umeketi pale, usimngoje. Acha pikipiki, acha na mnyororo wa Shabani, vua koti la klabu wenye bunduki wasikutambue. Barabara kubwa usiipite. Pita kwenye mashamba ya ndizi, wafuate akina mama wenye mizigo, mpaka uyaone maji ya ziwa. Ukifika ukanichukia maisha yako yote, nitakubali, mradi unichukie ukiwa mzima.

Wengine hufunga barua wakisema kaa na Mungu. Mimi siwezi kukuandikia kaa. Tembea na Mungu, mwanangu. Tembea sasa.

Mama yako