Maji ya Mezani

Alhamisi, Nyeri

Magoti bado yananiuma kwa kupanda ngazi ya tangi la hoteli, lakini sasa najua. Kifuniko kimeoza, na maji yanavutwa kutoka mtoni bila kutiwa dawa.

Kinachonichosha zaidi ni meneja. Hata kabla sijaitwa kukagua, alikuwa amemfukuza mpishi wake, Kariuki, mbele ya wafanyakazi wote, ati ni yeye aliyewaharisha wageni. Leo nimemweleza kwamba waliokula chakula hicho hicho lakini wakanywa chai tu ni wazima. Waliougua wote walikunywa maji baridi ya mezani, na maabara imeona vimelea kwenye sampuli za choo chao. Sampuli ya Kariuki haina kitu.

"Bwana Afya, nikifunga, wageni wataenda Nanyuki," akanijibu.

Nimemwandikia amri ya kufunga. Kesho atakimbilia kwa mkubwa wangu, na sina hakika mkubwa wangu atasimama nami.

Jioni nilipita kwa Kariuki, nikamkuta akipalilia kahawa. Nilimwambia hana kosa. Nilidhani atafurahi, lakini aliegemea jembe tu.

"Ingia ndani umwambie mama watoto," akasema. "Mimi nimemwambia mpaka nimechoka. Tangu nifukuzwe Jumatatu hataki nibebe mtoto."

Nikaingia, nikamweleza mkewe habari ya tangi na maji. Alifungua kanga, akamtoa mtoto mgongoni, akatoka naye nje akampa baba yake.