Nyuzi za Baba

Eldoret, Jumatano, 13 Agosti 1986

Mama mpendwa,

Natumai kikohozi kimepungua. Hapa kuna baridi.

Asubuhi niliingia mbele ya walimu watatu wa chuo kikuu wanaochagua wanafunzi wa muziki. Barua yao ilisema tulete wimbo mmoja wa noti na mmoja wa kwetu. Nilipotoa litungu la Baba, kinanda kile cha nyuzi, mzee wa katikati akacheka.

"Kwenu wasichana hupiga hili?"

"Baba hakuwa na mvulana, Mwalimu."

"Haya. Legeza nyuzi zote, kisha uzikaze upya. Lazima tujue kama una sikio."

Mama, nilishtuka. Barua haikutaja jambo hilo. Nawe ulinisihi nipige tu, nisikaze wala nisilegeze, kwa kuwa Baba ndiye aliyezikaza mara ya mwisho, wiki ile aliyotuacha. Nililegeza zote saba. Ilikuwa kama tunamzika tena.

Kisha nikafumba macho, nikakaza uzi mmoja mmoja. Yule mzee akainama kusikiliza.

"Huu wa tatu umeuacha chini kidogo. Nani alikufundisha hivyo?"

Ndivyo Baba alivyouacha siku zote, Mama. Sikujua kwamba nami nimeshika sauti ile.

Majibu yatakuja kwa posta. Nisamehe kwa nyuzi. Ukimwombea Baba jioni, nitaje na mimi.

Mwanao,
Nekesa